Dorian Gray tumhamishie Mji Mkongwe: ile picha ionekane au isionekane?

BintiFremu

Assalaam alaykum wenyewe. Nna suali, na mnisamehe kwa urefu wake.

Baba yangu alikuwa fundi wa fremu na vioo Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na duka sasa nnaliendesha mie. Tuko wanne, kamera ya kuazima, na tumejitia wazimu wa kutengeneza filamu ya dakika arubaini kutokana na The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde. Ruhusa haitusumbui, Wilde alikufa 1900 na kitabu sasa ni cha kila mtu. Kwa asiyekijua: kijana mzuri wa sura anachorwa na msanii Basil Hallward. Siku hiyohiyo anamsikiliza Lord Henry akisifu ujana, anatamani picha izeeke badala yake, na ikawa. Miaka kumi na nane anafanya machafu yake, uso umekaa palepale. Picha iliyofichwa darini ndiyo inayoharibika.

Lord Henry hakutupa taabu kumpata. Kila baraza lina mtu wake wa namna ile, msemaji hodari, mwenyewe hafanyi kitu, wanaomsikiliza ndio wanaoharibikiwa. Kaka yake Sibyl, yule msichana anayependana na Dorian, ni baharia kitabuni, na kwetu ni baharia vilevile, anashukia Malindi ya hapa mjini. Sibyl mwenyewe, anayeigiza Shakespeare kwenye ukumbi wa ovyo wa London, tumemfanya mwimbaji wa taarab.

Tulipokwama ni kwenye picha. Mpiga kamera wetu anataka ionekane yote, vidonda, usaha, macho mekundu. Mie nasema isionekane hata mara moja, tuone nyuso za wanaoitazama. Tumegombana mpaka chai ikapoa. Halafu, iwe ya kuchorwa kweli? Wateja wa baba miaka yote ile, simkumbuki hata mmoja aliyeleta picha ya kuchorwa ya mtu wa kwao. Walileta Ayatul Kursiyy, na picha za studio, bwana kasimama na kanzu na koti, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Pweza_wa_Forodhani

Mnajisumbua. Mpeni simu. Kwenye simu uso laini kama wa mtoto, ukikutana naye Darajani humjui. Filamu imekwisha hiyo.

BintiFremu

Pweza, hiyo tuliifikiria usiku wa mwanzo na tukacheka kama unavyocheka wewe. Haifai kwa sababu mbili. Kwanza umeigeuza: kwa Dorian uso ndio unaodanganya, picha ndiyo inayosema kweli. Pili, picha ya simu ina ndugu zake mia, ukifuta moja nyengine iko kwa shoga yako. Dorian anataka kitu kimoja tu, kizito, kisichopanda ngazi bila ya kuitiwa watu.

Na nikwambieni kilichonivutia mie kwenye kitabu hiki. Dorian anapotaka kuificha picha anamwita fundi wa fremu, Mr Hubbard, aje na kijana wake waipandishe juu kwenye chumba alichosomea utotoni. Imeshafunikwa. Wanafika juu wanahema, fundi anaomba kwa adabu, je, anaweza kuitazama? Dorian anamkatalia. Ukurasa mmoja tu, wengi wanaupita. Mie nilisimama hapo. Nimeshabeba vitu vya watu vilivyofungwa shuka, naambiwa "usifunue, weka tu", na mkono unajua kwa uzito kama ndani mna kioo au hamna. Filamu ikikosa Hubbard mie simo.

Mzee_wa_Vuga

Mwanangu, mimi ni mtu wa sinema ya Majestic tangu senti zilipokuwa na thamani, basi nisikilize kidogo.

Ile ya 1945 ya Albert Lewin itafuteni muiangalie. Filamu nzima ni nyeusi na nyeupe, lakini picha ikionyeshwa, mara inakuja rangi, mara chache tu, na unaruka kitini. Iliyoharibika aliichora Ivan Albright, iko hadi leo kwenye jumba la sanaa la Chicago. Aliyepiga kamera, Harry Stradling, alipata Oscar. Na huyo Sibyl wako wa taarab hukumzua wewe: Lewin naye alimtoa kwenye Shakespeare akamfanya mwimbaji wa kilabuni, Angela Lansbury alipokuwa msichana. Lewin kaongeza na sanamu la paka wa Misri, ati ndilo linalotimiza lile ombi. Hapo aliniudhi. Ombi la Dorian halihitaji paka.

Ya 2009, yenye Colin Firth, inafunza kwa upande wa pili. Buu linadondoka kwenye picha, picha inanguruma. Nilicheka. Kijana wenu wa kamera aitazame hiyo kabla hajanunua usaha.

Kuhusu studio: iwe ya studio, lakini ipakwe rangi kwa mkono. Zamani ilikuwa hivyo, picha nyeusi na nyeupe, halafu fundi anakaa na brashi nyembamba anatia wekundu kwenye mdomo na shavu. Na Basil, jinsi ya kuonyesha alivyompenda Dorian, tatizo hilo linaondoka papo hapo. Mpiga picha anabonyeza mara moja, lakini huyu atakaa usiku kucha juu ya mdomo wa kijana mmoja. Mtazamaji ataelewa bila ya kuambiwa.

Mtoto_wa_Wete

Mie si mtu wa filamu, ila hapo pa kufunika nna neno.

Bibi yangu alikuwa na picha moja ya marehemu babu ukumbini. Ukifika wakati wa sala anaigeuza, babu anatazama ukuta. Akimaliza anaigeuza tena, mara nyengine anasahau na babu anakaa siku tatu kauelekea ukuta. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza. Kwa hiyo Dorian wa kwenu akifunika picha yake watu hawatamshuku hata chembe, watasema kijana kashika dini. Huko Uingereza shuka lilimtia mashakani mbele ya mtumishi wake. Huku litampa sifa.

Na jengine, picha kwetu haihitaji uchawi ili ioze. Ya babu ilianza kuota ukungu kwenye sikio.

Pweza_wa_Forodhani

Hilo la kushika dini ni kali. Nafuta la simu.

BintiFremu

Mtoto wa Wete, Mungu akuweke. Nimeusoma ujumbe wako kwa sauti dukani, mteja akafikiri nnamwambia yeye.

Ukungu naujua kuliko nnavyoijua filamu. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya bahari na chokaa, ukuta unatoa chumvi, masika ukiupapasa mkono unarudi na unga. Picha ikigusana na kioo bila ya kadi katikati, inagandana nacho. Watu wananiletea niwabandulie. Huwa nawaonya: nikiivuta, karatasi itakuja na uso utabaki kwenye kioo. Mmoja alilia hapa, picha pekee ya mama yake. Tukaiacha hivyohivyo, nikamtilia fremu mpya juu ya ileile.

Basi nimeshaiona. Kitabuni mabadiliko ya mwanzo ni madogo, alama ya ukatili pembeni mwa mdomo, usiku ule aliomwacha Sibyl. Kwetu itakuwa doa palepale kwenye mdomo, na mtazamaji ataapa ni ukungu. Dorian naye atasema ni ukungu, atafuta kioo kwa kanzu. Doa liko ndani.

Usiku wenyewe wa Sibyl tumeshauandika. Amependa, kwa hiyo anaimba vibaya, kama kitabuni anavyoigiza vibaya baada ya kupenda kweli. Kabla ya hapo tumemwona Dorian akienda kumtunza, anacheza polepole, noti iko juu, anaiweka kiganjani mwake. Usiku huu anainuka vilevile, ukumbi mzima unamtazama, anafika mbele, na noti anaiweka juu ya kanuni, ile ala ya nyuzi, mbele ya mpigaji wake. Anageuka, anatoka. Sibyl kinywa wazi, ubeti haujesha.

Rangi nimekubali ya Mzee: filamu nyeusi na nyeupe, picha peke yake na wekundu wake. Mpiga kamera kakubali nusu. Anataka mwishoni, Dorian akishaichoma kisu, tuone kitu. Nimempa kioo kilichopasuka na nusu ya uso imeganda kwenye kipande. Maiti ya Dorian sakafuni, kageuka mzee ghafla, tutaionyesha mkono tu. Kitabuni watumishi wanamjua kwa pete zake, sisi tuna pete moja ya akiki ya marehemu baba, itatosha.

Mzee wa Vuga, lile la Basil bado linanikaa. Nani hapa anajua kupaka rangi picha kwa mkono? Nalipa, si sana.

Mzee_wa_Vuga

Brashi ninazo, macho ndiyo sina tena. Njoo na kijana mwenye mkono mtulivu, nitamwelekeza. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.

BintiFremu

Nakuja naye Jumamosi inshallah. Na wengine: natafuta shuka la zambarau, zito. La Dorian lilikuwa la atilasi lenye nyuzi za dhahabu, kazi ya Venice, mie nitaridhika na la harusi.

Mtoto_wa_Wete

Mama analo. Lina tundu la panya pembeni.

BintiFremu

Lilete na tundu lake.