Naombeni ushauri: niuze nguo zote za fasheni, nibaki na chache za kushona?

Binti_Bombo
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 28, naishi Bombo na kazi yangu iko Kampala. Kabati langu limejaa hadi mlango haufungi, lakini kila asubuhi nasimama mbele yake sijui nivae nini. Tangu nianze kazi nakimbizana na wenzangu: ikitoka raba mpya ninayo, likija begi jipya ninalo. Kila kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha mchumba kwa wazazi) tunashona sare, tunaivaa siku moja, basi. Juzi nimepitia picha zangu za mwaka mzima, nimeona nguo tu, mimi mwenyewe sijajiona. Nataka niuze vyote, nibaki na magauni matatu manne ya kushona, rangi zinazonikaa, niyavae miaka na miaka. Ila wenzangu watasema nimefulia. Nifanyeje? Silali.

Mzee_wa_Owino
Mwanangu, nimelea watoto kwa mitumba. Agosti 2023 Rais aliposema mitumba ipigwe marufuku, nyumbani kwangu hatukula kwa raha wiki nzima, na mpaka leo niko kwenye meza yangu. Nikufundishe kitu: nguo usiitazame nje, igeuze. Ukikuta mshono umeachiwa nafasi ndani, aliyeishona alitaka ivaliwe, ipanuliwe, irithiwe. Ukikuta umekatwa hadi ukingoni, hiyo imeshonwa kwa ajili ya picha. Kuna mtumba wa shilingi 10,000 unaoshinda gauni jipya la dukani.

Mama_Pacha
Wasichana wa siku hizi mnavalia macho ya watu. Bibi yangu ana busuuti, lile gauni refu la heshima la Kiganda, moja tu ya hariri, ameivaa harusi za watoto wake wote na sasa anaivaa za wajukuu. Shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi kiunoni. Wazee husimulia kuwa ilianzia Gayaza, mwaka 1905 hivi, kwa fundi wa Kigoa aitwaye Gomes, ndiyo maana wengine wanaiita gomesi. Zaidi ya miaka 100, na mwanamke akiingia nayo ukumbini watu bado wanainuka. Nani anakumbuka raba za mwaka juzi?

Kijana_wa_Arua
Dada, kama kuna raba namba 42 mimi mteja 😂 Sasa swali. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya kabati. Kuna deni?

Binti_Bombo
Lipo dogo tu, si kitu. Mimi nauliza kuhusu mavazi.

Kijana_wa_Arua
Dogo kiasi gani, na kwa nani?

Binti_Bombo
Sawa. Begi na viatu viwili nilichukua kwa mkopo kwa dada mmoja mwenye duka. Jumla 850,000, nimelipa 300,000. Begi nimeshapata mteja ofisini, amenipa 200,000 za kutanguliza. Hizo nimempa fundi, na vitambaa nimenunua Kiyembe. Lakini jamani, nikiendelea kungoja mpaka nimalize deni sitabadilika kamwe! Nilichoamua si kibaya.

Mama_Pacha
Mwanangu! Unauza mali ya mwenzio?

Mzee_wa_Owino
Hapo umenivunja moyo. Sokoni tunaishi kwa kuaminiana. Mtu akikupa mzigo bila pesa, amekupa jina lake.

Shahidi_Jinja
Ngojeni kwanza. Mnalia na mtu msiyemjua. Asubuhi deni halikuwepo, jioni ni 550,000. Na hili la fundi na vitambaa vya Kiyembe, kesho mtaona namba ya simu hapa. Hii ni chai, au ni tangazo.

Kijana_wa_Arua
Mimi naamini. Wa kutunga angejipamba.

Shahidi_Jinja
Basi atuambie, fundi yuko wapi?

Binti_Bombo
Simtaji, na namba sitoi. Kiyembe ni vitambaa tu. Anayeshona ni mzee jirani yetu, ana cherehani ya miguu barazani kwake. Ndiye aliyemshonea marehemu mama gauni la buluu ninalolifuatisha. Ninalo hapa mapajani. Kila upande ndani kuna nafasi ya vidole viwili. Pindo limeshushwa, mstari wa pindo la zamani bado unaonekana, umepauka kuliko pengine. Kwapani kuna kiraka ambacho usipoambiwa hukioni. Mama alikuwa na magauni manne tu, na mtaani wote walijua yule anayekuja ni yeye. Nilificha deni kwa aibu. Mnisamehe.

Shahidi_Jinja
Nimesoma. Pole kwa mama. Ila deni bado deni.

Mzee_wa_Owino
Mpigie mwenye duka leo, asisikie kwa mwingine.

Mama_Pacha
Na yule wa ofisini mrudishie pesa yake. Fundi asimamishe kazi.

Binti_Bombo
Nimepiga. Amenisema sana, nimenyamaza. Begi nampelekea kesho, halijatumika. Viatu amekataa, soli zimeshakanyaga lami, kwa hiyo nitavilipia kila mwisho wa mwezi. Sare ya kwanjula ya Desemba nimejitoa kwenye kundi letu, wawili hawajanijibu. Fundi ameniachia vitambaa viwili na kunirudishia 120,000. Zilizobaki za yule wa ofisini namalizia mshahara ukitoka. La kijani alikuwa ameshalikata.

Kijana_wa_Arua
Likiisha tutumie picha, upande wa ndani.