Mrejesho: Masomo ya Torati jikoni kabla ya Rosh Hashanah

Asanteni sana mlionijibu nilipouliza namna ya kufuata masomo ya Torati huku napika vya Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Kupakua rekodi za masomo kwenye simu mapema na kupanga somo kulingana na kazi kumefaa mno: somo refu la Talmudi (mkusanyo wa mijadala ya marabi kuhusu sheria) linakwenda na kukanda unga wa hala, mkate wetu wa sikukuu, kusuka mikate na kumenya karoti. Simu ikae mbali na mvuke.

Kilichogoma ni kupasua mayai na kukagua vitunguu liki. Jicho likitafuta doa la damu kwenye yai au mdudu katikati ya majani, maana sheria yetu hairuhusu kuvila, sikio halishiki kitu. Hapo nazima, na pia wakati wa kutenga hala, yaani kutoa kipande cha unga kama Torati inavyoagiza, maana baraka yake inataka utulivu.

Malizeni kusikiliza kabla ya mishumaa ya sikukuu kuwashwa: sikukuu ikiingia, kupika kwa moto uliokwisha kuwaka kunaruhusiwa (isipokuwa siku ikiangukia Sabato), simu hairuhusiwi.