Mtoto wa msingi aachiwe akili unde, au ibaki mkononi mwa mwalimu?

Mwalimu wa la Nne (mleta mada)

Wadau, salamu. Nafundisha darasa la nne. Wiki mbili zilizopita niliwapa wanafunzi insha ya kuandika nyumbani: "Siku niliyoogopa sana". Nilipokusanya madaftari, insha 11 zilianza kwa sentensi zilizofanana kama mapacha: hofu ni hisia ya kawaida katika maisha ya kila binadamu. Mtoto wa miaka kumi hasemi hivyo. Hata mimi sisemi hivyo.

Katikati ya rundo kulikuwa na moja ya mistari sita, imefutwafutwa hadi karatasi imetoboka. "Niliogopa jogoo wa shangazi. Ana macho mbaya. Kila siku nilipita nyuma ya nyumba." Niliisoma mara tatu. Nilimwona mtoto, nikamwona na jogoo, na nikapata cha kufundisha kesho yake, maana "macho mbaya" imeniambia kwamba upatanisho wa sifa bado haujakaa. Zile 11 hazikunipa hata kosa moja la kufanyia kazi.

Msimamo wangu ni huu: akili unde, yaani programu kama ChatGPT zinazotunga maandishi na kujibu maswali (wengine mwaiita akili mnemba, tusigombee jina), itumike shule ya msingi, ila ibaki mkononi mwa mwalimu. Mimi naitumia. Hunitungia maswali 20 ya kugawanya kwa viwango vitatu vya ugumu, kazi iliyokuwa ikinikesha. Hunipa habari moja kwa urefu tofauti, kwa anayesoma mbio na kwa anayesoma kwa kidole. Kisha nakaa nayo na kalamu nyekundu, kwa sababu hukosea, tena bila haya. Juzi iliniandikia "kisima kirefu ambayo". Mtoto akiwa nayo peke yake, kalamu hiyo nyekundu ataishika nani?

Nipingeni.

Fundi Programu

Mwalimu, nakupinga kama ulivyoomba. Kikokotoo cha mkononi kilipoenea miaka ya 1970 kilio kilikuwa hiki hiki: watoto watasahau hesabu. Leo nani anatafuta kipeuo cha pili kwa kalamu? Insha ambayo mashine inaimaliza kabla hujameza mate ni swali bovu, badilisha swali. Halafu mtoto anaweza kuiuliza mashine jambo moja mara kumi bila kuitwa mjinga. Walimu wangapi wana subira hiyo?

Mwalimu wa la Nne

Ndugu, kikokotoo hakijawahi kumwambia mtoto kwamba 7 mara 8 ni 54 kisha kikamweleza na sababu. Na hata hicho hatumpi kabla hajaijua jedwali.

Swali bovu? Siku aliyoogopa mtoto anaijua yeye peke yake. Ukweli ni kwamba hakuna mtu duniani anayehitaji insha ya jogoo wa shangazi. Kinachotakiwa ni ile dakika mtoto ameandika sentensi ya kwanza, anatafuna kalamu, ya pili haiji. Mashine huja na kuiondoa dakika hiyo, na sisi tunaiita msaada.

La subira nimelipokea. Linauma, lakini nimelipokea.

Mtafuta Ushahidi

Naongeza kitu kwenye mabishano yenu. Kuna utafiti uliofanywa Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000, ukachapishwa 2025 katika jarida la kisayansi la PNAS. Waliopewa programu ya mfano wa ChatGPT wakati wa mazoezi ya hisabati walifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Iliponyang'anywa na mtihani ukaja, wakawa chini ya wenzao kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilipewa programu iliyofungwa isitoe jibu, itoe vidokezo vilivyoandaliwa na walimu. Hao mazoezini walipaa kwa asilimia 127, na kwenye mtihani athari ile mbaya kwa sehemu kubwa haikuonekana. Ila hawakuwashinda waliosoma na daftari tu. Hilo la mwisho wauzaji hulipitia mbio.

Hao ni vijana wa sekondari, kwa hiyo tusiwageuze kuwa watoto wa miaka saba. Kwa wadogo, mwongozo wa Septemba 2023 wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, unapendekeza asiyefika miaka 13 asiachiwe kuitumia mwenyewe darasani. China nayo Mei 2025 iliwakataza wanafunzi wa msingi kutumia peke yao programu zinazotunga maandishi, ila mwalimu anaweza kuzitumia mbele ya darasa.

Mama Msomaji

Mwalimu, kwa heshima zote. Mwanangu ana miaka minane na ana kigugumizi. Akiitwa asome darasani, wenzake huanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nyumbani anaisomea programu ya simu. Mara nyingine humkatiza, lakini haicheki, na akikwama humtajia neno. Mwezi uliopita alimaliza hadithi nzima kwa sauti, ya kwanza tangu azaliwe. Nilikuwa jikoni nikajifanya sisikii.

Sasa unasema ibaki mkononi mwa mwalimu. Mwalimu wake ana watoto 60. Mkono huo utamfikia mwanangu lini?

Baba Pacha

Nyinyi mnazungumzia shule, mimi nina la nyumbani. Paka wetu alikufa. Mapacha wangu wakaiuliza simu kama atarudi, ikawapa majibu marefu ya upole, mazuri kuliko yangu. Sasa yule mdogo (kazaliwa dakika saba nyuma ya mwenzake) huiaga kila usiku kabla ya kulala. Mambo ya insha siyajui. Hilo la kuiaga ndilo linaloninyima usingizi.

Fundi Programu

Baba Pacha, hapo mimi mwenyewe nanyamaza. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha habari za ELIZA, programu ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, lakini alipojaribu kuzungumza nayo akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Huyo ni mtu mzima. Mtoto wa miaka sita tutamlaumu kwa lipi?

Mwalimu wa la Nne

Mama Msomaji, umenishika pabaya. Nimelala na swali lako siku mbili. Nimeona nilikosea kuuliza imo mkononi mwa nani, nilipaswa kuuliza kazi anaifanya nani. Programu ya mwanao inamwachia yeye kusoma, yenyewe inangoja. Ile ya insha zangu 11 ilifanya kazi yote, mtoto akabaki mnakili. Kwa hiyo ya mwanao naiondoa kwenye marufuku yangu. Ila, Mama, sauti yake inahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Uliza kabla ya hadithi ya pili. Mimi nina dhambi yangu hapo: niliwahi kubandika alama za darasa zima pamoja na majina ili inipangie makundi. Sirudii.

Nimejaribu jambo moja. Niliichapa insha ya mashine kuhusu jogoo, nikaibandika ubaoni, nikawaambia waisahihishe. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu jogoo ana rangi gani?" Hakuna aliyeipata. Mwingine akasema labda aliyeandika hajawahi kufukuzwa. Insha sasa zinaandikwa darasani, dakika 25, kufuta ruksa.

Lililobaki ni gumu kuliko yote hayo. Mmoja wa wale 11 nilimwita pembeni, nikamwuliza taratibu. Akasema yeye alikuwa ameandika yake, mistari mitano, mama yake akaiona, akaogopa atapata alama za chini, akachukua simu. Ile ya kwanza ilichanwa. Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Mwenye namna ya kulisema hili bila mama yule kuinamisha uso mbele ya wenzake, aniandikie kabla ya Alhamisi.