MREJESHO: TV ya inchi 55 au 65 kwa sebule ndogo, Moshi

Wakuu, niliuliza kati ya inchi 55 na 65 ipi inafaa sebule yangu hapa Soweto, Moshi. Nimebeba 55, Hisense ya 4K (yaani picha yenye nukta nyingi, kali zaidi). Aliyesema nipime ukuta kwanza abarikiwe: 65 ina upana wa karibu sentimita 145, ingeziba nusu ya mlango wa chumbani.

Dukani muuzaji alituwekea ile video ya maua, kila TV ikapendeza. Nikamwomba aweke mpira wa king'amuzi. Hapo ndipo zikaachana, maana vipindi vingi vinavyorushwa na vituo si 4K, TV yenyewe ndiyo inakuza picha ijae kioo. Ile ya bei chee mpira ulikuwa unaacha mkia!

Sauti ya kawaida tu. Chenji nimenunulia TV gadi, kile kifaa cha kukinga TV umeme ukipanda na kushuka, umeme wetu mnaujua.