Varetektsfengsling: hiyo "vare" ni bidhaa?

mkalimani77: Wakuu, natafsiri hati ya mahakama ya Norway. Varetektsfengsling najua ni kumweka mtuhumiwa rumande, lakini nikilikata napata vare (bidhaa), tekt (kuezeka, kama tekke?) na fengsling (kufunga). Bidhaa na paa vimeingiaje kortini?

BinKamusi: Umekata pazuri ila umefungua ukurasa wa jirani. Vare ziko zaidi ya moja. Hii ni uangalizi, na siku hizi haitembei peke yake: utaikuta kwenye ta vare på (kutunza) na ta seg i vare (kujihadhari). Kijerumani kina ndugu yake, wahren.

Tekt inatokana na ta, kuchukua. Linganisha inntekt, kinachochukuliwa ndani, yaani mapato. Selvtekt, kujichukulia sheria mkononi. Voldtekt, kuchukua kwa nguvu, yaani ubakaji. Basi varetekt ni kuchukua chini ya uangalizi, na ndiyo maana hata mtoto au mali huweza kuwa i varetekt ya mtu bila polisi kuhusika.

Angalia mkia pia: fengsling ni kitendo, fengsel ni jengo. Varetektsfengsel ni gereza la mahabusu.

herufi_s: Naongezea hiyo s. Inaonyesha mshono mkuu uko wapi: [vare+tekt]+s+fengsling. Sehemu ya kwanza ikiwa tayari ni neno ambatani, s huingia mara nyingi. Vinglass, glasi ya mvinyo, haina; rødvinsglass, ya mvinyo mwekundu, inayo. Vighairi vipo, lakini hapa kanuni inashika.

mkalimani77: Shukrani. Na forvaring je? Naiona aya ya chini, nimeiandika "rumande" vilevile.

BinKamusi: Ifute haraka! Mzizi mmoja, sheria mbili. Varetekt ni kumshikilia mtu kesi ikiwa haijakwisha. Korti huiamua kwa kifungu cha 184 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1981. Forvaring ni adhabu yenyewe, iliyoanza 2002, kwa mhalifu anayeonekana hatari, na korti inaweza kuirefusha. Ndiyo aliyopewa Breivik, yule muuaji wa halaiki wa Norway, 2012, miaka 21. Andika "kifungo cha kinga kinachoweza kuongezwa", hata kama ni kirefu.

herufi_s: Kwa varetekt baki na "rumande" au "mahabusu". "Chini ya ulinzi" inafanana mno na asili ya neno, inatamanisha, ila kwetu humhusu hata aliyekamatwa dakika hii, na huyo Wanorway wana neno lake: pågrepet.