Nimemrekodi askari akimpiga kijana wa boda hapa Moshi, mwenzake akaifuta video. Naomba ushauri

MamaMtori

Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Nipo Moshi, nauza mtori na chapati asubuhi. Meza yangu iko kando ya barabara na kijiwe cha boda kiko ng'ambo. Jumanne iliyopita, saa mbili kasoro hivi, walifika askari wawili. Vijana wakatawanyika kama kawaida, mmoja akachelewa kwa sababu alikuwa amekaa kwangu na bakuli mkononi. Hata juu ya pikipiki hakuwepo. Askari akachomoa funguo, kijana akauliza kosa lake ni nini. Rungu la kwanza begani, la pili likatua kwenye kiwiko. Mtori ukamwagika miguuni mwake.

Nilijikuta nimeshatoa simu kwenye aproni. Nilirekodi nikiwa palepale nyuma ya meza, sikusogea, sikusema neno. Kama dakika moja na nusu. Yule askari wa pili akaniona, akaja: "Nani amekuruhusu kumrekodi askari wa serikali?" Akaninyang'anya simu, akanilazimisha nichore patani mbele ya wateja, akaifuta video kwa mkono wake, akanirudishia. Akasema nikirudia nitalala ndani. Baada ya hapo mikono ilinitetemeka hadi nikashindwa kumimina chai.

Jioni mwanangu wa kidato cha tatu akaingia kwenye picha zilizofutwa, akaikuta, nzima. Rungu linaonekana, na ukisimamisha video namba ya kifuani mwa askari inasomeka.

Sasa mama wa yule kijana ananiomba niirushe kwenye magrupu yote ya Moshi. Mume wangu anasema niifute, meza ndiyo inayotulisha. Je, nilifanya kosa kurekodi? Na hii video niifanyeje? Kijana mkono umevimba, hospitali hajaenda, anaogopa kwenda kituoni kuomba PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari.

BodaWaPasua

Dada pole, na Mungu akubariki kwa kumtetea mdogo wetu. Faini ya boda ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000. Kama amekosa aandikiwe, apewe namba ya malipo, alipe kwa simu yake. Hakuna sheria ya barabarani inayosema mtu apigwe. Irushe dada, isambae, waone aibu.

Mkazi_Njiro

Usiogope hata kidogo, kurekodi polisi ni haki yako. Marekani kuna mwanasheria anaitwa Simon Glik, alikamatwa Boston mwaka 2007 kwa kuwarekodi polisi kwa simu. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikasema kurekodi polisi wakiwa kazini hadharani kunalindwa na katiba yao, na jiji likaja kumlipa dola 170,000. Na ni binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama na simu yake Mei 2020 pale Minneapolis, dunia ikaona jinsi George Floyd alivyouawa na polisi. Rusha.

Wakili_Kijenge

Dada yangu MamaMtori, subiri kwanza, usirushe. Naandika nikiwa Arusha, ni wakili, na kesi za namna hii nimeshazibeba.

Ndugu wa Njiro, hukumu ya Boston ni kweli, lakini ukisimama mahakamani Moshi na hukumu ile mkononi haimfungi hakimu wetu. Tuanze na ya kwetu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa taarifa. Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachosema kumrekodi askari anayefanya kazi barabarani ni kosa. Kosa lililopo ni kumzuia askari kutekeleza kazi yake, na hapo ndipo watu wanapobebwa: mtu anarekodi huku anasogea, anatukana, anaingiza simu usoni. Wewe ulibaki nyuma ya meza yako, kimya. Hilo likumbuke na uliandike leo, kabla halijafifia: ulisimama wapi, umbali gani, nani alikuwa anakula.

Kuhusu kufuta video. Askari anaweza kuchukua simu kama kielelezo, lakini kuna utaratibu wake, na aliyeichukua anatakiwa kukupa hati inayoonyesha amechukua nini, yenye saini yako na ya mashahidi. Kuifuta ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa mtu anayefuta data za mwenzake kwa makusudi bila uhalali, na sijui ni uhalali gani atauonyesha mtu aliyeua ushahidi wa kipigo chake na mwenzake. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosea pale mezani kwako, jibu langu halina kigugumizi.

Ila sheria hiyohiyo ina kifungu cha 16, kuhusu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha mtandaoni: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Video yako ni ya kweli. Lakini ikifika kwenye grupu la nne itakuwa imekatwa, imewekewa maandishi kwamba kijana amekufa, na wa kwanza kutafutwa ni aliyeianzisha. Halafu kuna huyo kijana. Ni yeye anayelia kwenye hiyo video, na Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Mama yake ana uchungu, namwelewa kabisa, lakini kijana mwenyewe ameulizwa?

MamaMtori

Hajaulizwa. Nimempigia sasa hivi. Amesema hataki mchumba wake amwone akilia. Nimeona aibu, maana sikuwaza kumuuliza.

FundiSimu_Mbuyuni

Mama, kwanza itoe kwenye lile folda la zilizofutwa, bonyeza rejesha, simu nyingi zinaitunza siku 30 tu kisha inapotea moja kwa moja. Usiikate, usiiongezee mwanga, usiandike chochote juu yake. Na usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, inaipunguza ubora na ile namba ya kifuani itakuwa ukungu. Itume kama dokumenti, au njoo na flashi nikunakilie bure. Ya kwenye simu ibaki ilivyo.

Wakili_Kijenge

Sikiliza fundi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie ushahidi wa aina hii umetengenezwaje, umetunzwaje, na kama kuna aliyeuchezea. Video uliyoirekodi mwenyewe, kwenye simu uliyonayo bado, ina nguvu kuliko iliyozunguka magrupu hamsini.

MekuMstaafu

Binti yangu, nimelitumikia jeshi la polisi mpaka nimestaafu, sasa nipo shambani kwangu Marangu na migomba yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kusomewa amri ya kumnyang'anya raia simu kwa sababu amepiga picha barabarani. Askari anayefanya kazi yake sawasawa, kamera inamsaidia. Nimeona wenzangu wakisafishwa na video baada ya kusingiziwa rushwa. Anayeogopa simu ya mama muuza mtori anajua kwa nini anaiogopa, na inaniuma kwa sababu nimeivaa nguo ile.

Lakini mume wako naye msimdharau. Mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012, akiwa kazini, na picha ya askari wamemzunguka ilichapishwa nchi nzima. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Haki ilipatikana kwa sehemu, mtu hakurudi. Kwa hiyo nakuomba: siku nyingine ukiambiwa shusha simu, shusha. Usibishane na mwenye silaha. Utabishana naye kwa barua.

Na kijana akachukue PF3 leo. Si lazima aende kituo cha hao hao, aende kingine, asiende peke yake. Bila daktari kuandika lile jeraha, video itaonyesha rungu, lakini haitaonyesha kama mfupa umepasuka.

BodaWaPasua

Mzee shikamoo. Nafuta kauli yangu ya kurusha. Kesho tunampeleka, tutakuwa vijana watano.

MekuMstaafu

Marahaba mwanangu. Wawili wanatosha. Watano mtaambiwa mmekuja kuvamia.

MamaMtori

Narudi na mrejesho. PF3 ameipata bila shida, askari wa zamu alikuwa dada mmoja mpole sana, hata alimpa pole. Kiwiko kina ufa, amefungwa POP (plasta ngumu). Mume wangu amesoma maneno yenu yote, akanyamaza, kisha akaniambia kama ni barua, yeye ndiye atanisindikiza. Tunaipeleka kwa nani? Na wakitaka simu yenyewe, niwape?

Wakili_Kijenge

Iandikwe kwa RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kijana aandike ya kwake, wewe ya kwako kama shahidi. Tarehe, saa, namba ya askari, maneno aliyokuambia, jinsi alivyoifuta video. Matusi na hasira viacheni nyumbani. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Kama kuna fedha iliyoombwa, hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, haina malipo.

Flashi ndiyo uwape. Simu, wakiihitaji kwa uchunguzi, usiitoe bila hati iliyosainiwa, na mume wako asaini kama shahidi. Hati iandike namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI), siyo "simu moja nyeusi". Bonyeza *#06# itatokea. Inakili usiku huu kwenye daftari la madeni ya wateja wako, ndilo najua huwezi kulipoteza.