Naomba ushauri: kuwapeleka watoto Makumbusho ya Vioo Corning, wa mwisho ana miaka mitatu

Mama Watatu:
Habari za jioni wakuu. Tunaishi Syracuse, jimbo la New York, huku Marekani. Jumamosi ijayo mimi na baba watoto tunataka kwenda Corning Museum of Glass na kurudi siku hiyohiyo. Wa kwanza ana miaka tisa, kila siku anauliza mchanga unageukaje kioo. Wa pili ana sita. Wa mwisho ana mitatu na hashikiki. Nahofia nitashinda namwambia "usiguse". Walioenda na wadogo mlifanyaje? Au nimwache kwa jirani?

Mzee wa Rochester:
Usimwache, dada. Vitu vingi vya kale vimo kabatini, havifikii. Pa kuangalia ni lile jengo la sanaa ya kisasa lililofunguliwa 2015, maana kuna kazi kubwa zimesimama wazi. Huko awe kwenye kigari chake.
Anzeni na maonyesho ya moto kabla hawajachoka. Fundi anachota kioo tanurini, joto limepita nyuzi 1,000, anapuliza huku anazungusha bomba bila kusimama, maana akisimama kinaning'inia na kudondoka. Hata mtoto wa miaka mitatu atatulia hapo. Maonyesho hayo yamo ndani ya tiketi, na tiketi mtalipa wazazi tu, watoto hadi miaka 17 wanaingia bure.

Binti Kigoma:
Naongezea: kuna sehemu watoto wanatengeneza chao wenyewe. Inalipiwa pembeni, na wikendi hujaa, kwa hiyo wekeni nafasi mtandaoni mapema. Ila waambieni watoto kabisa kwamba kilichopita motoni hawaondoki nacho. Kinapoozwa polepole usiku kucha, la sivyo nje kinasinyaa kabla ya ndani, kinapasuka. Mtarudi kukichukua au mtatumiwa kwa posta. Kwa safari ya siku moja, huyo wa sita mchagulieni kuchora glasi kwa kupuliziwa mchanga. Haina moto.

Mwalimu Juma:
Huyo wa tisa mpelekeni kwenye ile sahani kubwa ya kioo cha darubini ya kutazamia nyota, upana wake inchi 200. Waliimimina 1934 kwa ajili ya darubini ya Palomar, California. Joto likang'oa baadhi ya vipande vya kalibu, vikaelea juu ya kioo. Wakamimina nyingine mwaka huohuo, ndiyo iliyokwenda Palomar, na ile ya kwanza ikabaki Corning. Mweleze ukiwa umesimama naye mbele yake, atauliza maswali mpaka nyumbani. Kisha mtafuteni Farao Amenhotep II, kichwa kidogo cha kioo chenye miaka zaidi ya 3,400. Ni kazi ya Misri, Afrika yetu hii, na watoto wetu wanaokulia huku wanastahili kuiona kwa macho yao.

Mama Watatu:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba watoto anauliza, tukifika saa nne asubuhi muda utatosha?

Mzee wa Rochester:
Kwa vyote hautatosha, msijilazimishe. Moto kwanza, halafu kazi ya mikono, kisha mle chakula. Baada ya hapo gawaneni: baba aende na mkubwa kwenye darubini na Farao, wewe ubaki na wadogo. Saa tisa anzeni safari, barabara ni karibu saa mbili na huyo mdogo atalala garini.